Granola ya Mzee Pua

Mume wangu anaitwa Pua. Si jina la kuzaliwa, ni jina la kazini. Alioka mikate katika bekari iliyo nyuma ya jengo letu tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zilipoota mvi, na muda wote huo saa ya ukutani pale bekari ilikuwa imekufa na hakuna aliyejisumbua kuitia betri. Ya nini, na yeye yupo? Alikaa kwenye kiti chake, mgongo ameupa tanuri, anapiga soga na wenzake, halafu katikati ya maneno anainua pua kidogo na kusema, "Tayari." Wenzake wanafungua, na kweli mikate iko tayari. Ndipo wakamwita Pua, na mimi bila kuulizwa nikawa Mama Pua. Wanangu walipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Mimi nililizoea.

Walikuwa na desturi nyingine pale. Mkate ukitoka motoni, ganda lake hupasukapasuka polepole linapopoa, na ukisogeza sikio utalisikia. Waokaji husema mkate unaimba. Basi wale wanaume wazima, wenye mikono ya kubebea magunia, trei zikishawekwa mezani walikuwa hawasemi neno mpaka mikate imalize kuimba. Sikujua hayo siku ya kwanza niliyompelekea mume wangu chakula. Niliingia na habari zangu za mtaani, nikaanza kuzimwaga, na bekari nzima ikanigeukia: "Nyamaza!" Tena yeye ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, mkono mmoja ameuinua. Nilichukua chakula changu nikarudi nacho nyumbani, na siku hiyo mume wangu alishinda kwa mikate mitupu. Mimi ni mtu wa maneno, mdomo wangu hauna kufuli, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze nikanyamaza. Yeye alijaribu mara kadhaa, akachoka mwenyewe.

Nyumbani pia pua yake ndiyo iliyokuwa saa. Naweka kitu ovenini, naenda kufua au kubishana na mtu dirishani, naye sebuleni, gazeti limemfunika uso, anaita, "Mama, tayari!" Watu walinisifu kwa keki zangu, nami nikazipokea sifa. Ukweli ni kwamba sijawahi kujua chakula chochote cha ovenini kinaiva lini. Nilipika vizuri kwa pua ya mtu mwingine.

Na mimi mwenyewe alininusa. Mnisamehe, nimekula chumvi nyingi na aibu nyingine zimeshanitoka. Kila asubuhi alipotoka zamu, nyusi zimejaa unga, kabla hajavua viatu alikuja kwenye sinki niliposimama, akaweka pua yake hapa, chini ya sikio, akavuta pumzi na kusema, "Tayari." Siku nilizoamka na hasira alisema, "Bado," kisha akakimbia, kwa sababu mwiko haukuwa mbali. Alipostaafu aliacha bekari, lakini hilo hakuliacha.

Halafu yakaja yale mafua. Yalimlaza na homa, yakamwachia mwili, yakaondoka na pua. Tulidhani itarudi baada ya siku chache. Daktari akamchungulia kwa tochi, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi, cha muhimu mzee ale vizuri. Ale vizuri! Mtu asiyenusa haonji. Chai kwake ikawa maji ya moto, mkate wa bekari yake mwenyewe ukawa sponji. Mwanzoni alikula kwa kunihurumia, kisha akapunguza, kisha ikawa anasogeza chakula huku na huku kwenye sahani akidhani sioni. Mimi huona. Mara ya kwanza nilipompunguzia suruali kiuno sikusema kitu. Nilipoipunguza tena, nililia juu ya cherehani.

Na asubuhi hakuja tena kwenye sinki. Alipita nyuma yangu, akaenda kukaa sebuleni. Nilisimama pale nikamsubiri mpaka vyombo vikaisha.

Sitaficha, niliogopa. Niliona kwamba mtu wangu ataondoka hivihivi, kidogo kidogo, mbele ya macho yangu, bila hata ugonjwa wa kusingizia. Na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Kula."

"Nimekula."

"Umekula nini? Huo mkate umeuzungusha tu mpaka umeshikwa na kizunguzungu."

"Mama, niache."

"Sikuachi. Ningekuwa wa kukuacha ningekuacha zamani, bado una nywele, upate wa kukuokota."

Zamani maneno hayo yangemchekesha mpaka akohoe. Sasa alitabasamu kwa adabu. Tabasamu la adabu kati ya mume na mke ni kitu kibaya sana, afadhali matusi.

Kitindamimba wetu ni msusi. Elimu yake yote ameipata kwa kusimama nyuma ya vichwa vya watu, maana mtu akishikwa nywele hueleza mpaka ya ndani. Jumamosi moja akaja na pakiti, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

"Kuna mteja wangu naye alipoteza kunusa," alisema. "Anasema ladha ikiondoka, meno yanabaki. Tusikupe vitu laini, baba. Tukupe kitu kinacholia mdomoni."

Mzee akachungulia ndani ya pakiti. "Hiki ni nini? Chakula cha kuku?"

"Granola. Oti, karanga na asali, vimeokwa pamoja."

"Oti ni za uji."

"Hizi zimeokwa."

"Uji wa kuoka," alisema Pua, akanitazama. "Dunia imekwisha."

Lakini lile neno kuoka lilimgusa, nililiona likimgusa. Akachukua vipande viwili vitatu, akavitia mdomoni. Kru. Akaacha kutafuna, akatazama dari, akatafuna tena. Kru, kru. Mimi na binti yangu hatukuthubutu hata kusogeza viti. Akatia mkono kwenye pakiti, akachota kiganja kizima.

"Sionji kitu," alisema, mdomo umejaa. "Lakini angalau chenyewe kinaongea."

Pakiti ile haikumaliza wiki. Binti aliinunua mbali, duka la jirani hawaijui, nami nikajiuliza, kwani kuna uchawi gani humu? Oveni ninayo, mikono ninayo, na nimeolewa na mwoka mikate.

"Kesho tunaoka granola," nilimwambia.

"Unaoka wewe."

"Tunaoka sisi."

Akanuna. Lakini asubuhi nilimkuta jikoni amevaa aproni yake nyeupe ya bekari, kamba zake amezizungusha kiunoni zaidi ya zamani. Nilijitia hamnazo, nikamsukumia karanga azikatekate. Ndani yangu nilikuwa nashangilia.

Tulimimina oti kwenye beseni, tukaongeza karanga, mbegu za maboga, ufuta na chumvi kidogo. Asali na mafuta nilivipasha kwenye sufuria ndogo mpaka asali ikalegea, nikavimwaga juu. Nikaanza kuchanganya kwa nguvu zangu zote.

"Usikande!" alisema. "Huu si unga. Toa mikono."

Nilifurahi kugombezwa. Akaingiza mikono yake, akawa anainua na kuachia, anainua na kuachia, mpaka kila chembe ikang'aa. Akaitandaza kwenye trei, akaibonyeza kwa mgongo wa kijiko ili ishikane, akaiingiza ovenini. Kisha akavuta kiti, akakaa vilevile alivyokaa bekari, mgongo kwenye moto.

"Utajuaje ikiiva?" nilimuuliza, na papo hapo nikatamani kuyameza maneno yangu.

"Nitaangalia," alisema. "Macho bado yapo."

Nikachukua beseni la nguo, nikashuka uani kuanika. Nilitaka abaki na oveni yake peke yao.

Yaliyotokea nyuma yangu alinieleza baadaye. Alifungua, akaona imeanza kupata rangi ya dhahabu, akabonyeza kwa kidole katikati. Laini. Sasa mwambie mwoka mikate kwamba kitu ni laini katikati, uone atafanya nini. Maisha yake yote kitu laini katikati ni kibichi, kinarudi motoni, hakuna mjadala. Akairudisha. Baadaye akabonyeza tena, bado laini. Akairudisha, akakaa, akaupa moto mgongo kama alivyozoea, akaiachia pua kazi ambayo pua haikuweza tena.

Mimi nilikuwa na shuka mkononi. Kabla harufu haijanifikia uani, nilisikia sauti ya jirani wa ghorofa ya juu, kichwa amekitoa dirishani.

"Mama Pua! Mnaunguza huko!"

Nilipanda ngazi nikiwa na shuka ile ile mabegani. Jikoni, moshi ulikuwa unatoka pembeni mwa mlango wa oveni, unapita juu ya kichwa chake, unaelekea dirishani. Naye amekaa chini yake, mikono magotini, uso umetulia kabisa, anasubiri.

Nikaivuta trei. Ilikuwa nyeusi. Wala hakuitazama. Alitazama dirishani, kule sauti ya jirani ilikotoka.

"Amejua yeye," alisema. "Yuko juu. Mimi nilikuwa hapa."

"Ni karanga tu! Trei moja ya karanga! Nani hajawahi kuunguza?"

"Mimi," alisema. Na ilikuwa kweli.

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akaenda kulala mchana ule, uso ukutani. Nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake, kumwambia kwamba hakuna mtu anayekufa kwa ajili ya oti. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanza, na yeye akanikatiza bila kugeuka.

"Unadhani nalilia mikate? Mikate wataoka wengine." Akapapasa ukuta kwa kidole. "Asubuhi ile ya kwanza baada ya homa, ulikuwa kwenye sinki. Nilikuja nikaweka pua pale pangu. Hapakuwa na mtu."

"Nilikuwepo!"

"Najua ulikuwepo, nilikuona. Ila sikukukuta. Sasa nikaogopa kuja tena, nisije nikakukosa tena."

Nikaweka mkono wangu mgongoni kwake, juu ya mifupa ambayo zamani sikuwa naijua, tukakaa hivyo.

Chakula cha mchana alikikataa. Cha jioni akakikataa. Kesho yake alikunywa maji, akageukia ukuta wake. Nikampigia simu binti yetu, nikamweleza yote, trei, moshi, jirani, na yeye, mtoto asiye na haya, akaguna kama mtu anayezuia kicheko.

"Mama, granola hutoka ovenini ikiwa laini. Hukauka ikipoa. Ikipata rangi unaitoa, unaiweka mezani, huigusi. Ukingoja ikauke motoni utapata mkaa."

"Nani kakuambia?"

"Mteja."

"Na wewe kwa nini hukutuambia?"

"Mama! Nimwambie Mzee Pua namna ya kuoka? Nani katika ukoo huu angethubutu?"

Nikakata simu. Alikuwa na haki, ndiyo maana niliikata.

Basi nikaingia jikoni peke yangu. Nilivaa aproni yake, nikachanganya bila kukanda, kuinua na kuachia, nikatandaza, nikabonyeza. Nikaiingiza na kusimama mbele ya oveni mikono kiunoni. Hakuna mtu sebuleni wa kuita "tayari". Nilifungua mara nyingi kuliko inavyotakiwa, mpaka jasho likanitiririka. Ilipopata rangi nikaitoa, nikaibonyeza kwa kidole, ikabonyea. Laini kabisa. Mwili wangu wote ulinituma niirudishe. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini hawaelezi namna ilivyo ngumu kusimama mbele ya kitu kinachoonekana kibichi na kukiamini.

Sikuiacha jikoni. Niliishika trei kwa vitambaa viwili, nikaipeleka chumbani, nikaiweka juu ya stuli karibu na kichwa chake.

"Nimeoka," nilisema.

Hakugeuka.

"Ni laini."

Kisha, ukutani kule, mwoka mikate akashindwa kujizuia.

"Irudishe. Ni mbichi."

"Sirudishi."

"Mama, kitu laini katikati..."

Tik, ikafanya trei.

Akaacha kuongea. Bati lilikuwa linapoa, likajikunja kidogo, tik, tena tik. Halafu chini ya sauti hiyo ikaja nyingine, ndogo sana, ya asali inayoshikana na oti, kitu kama mtu anayekanyaga majani makavu mbali na wewe. Niliona bega lake likisimama. Nikafungua mdomo nimweleze ya binti na mteja, naye akainua mkono mmoja, bado uso ukutani, mkono uleule wa bekari. Nikaacha mdomo wazi.

Aligeuka taratibu. Akajiinua kwa kiwiko, akasogeza sikio karibu na trei mpaka nikahofia ataungua. Akafumba macho. Sijui tulikaa muda gani, saa yetu nayo haina betri. Sauti zikapungua, zikaachana, ikaja moja ya mwisho, kisha hazikuja tena.

"Sasa," alisema.

Akashika kona ya ile granola, akaipandisha. Ilitoka nzima, ngumu, inang'aa. Akaivunja na ikalia chumba kizima. Akatia kipande mdomoni, akatafuna. Akatia kingine. Makombo yakaanguka shukani, shuka niliyoianika mwenyewe, na nikayaacha yaanguke.

"Nani alikuambia uitoe ikiwa laini?" aliuliza.

"Niliona rangi, nikaitoa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

Akanitazama, nimevaa aproni yake, nimelowa jasho, nywele zimesimama. Kisha akacheka mpaka akakohoa, na makombo yakazidi. Nililia, ndiyo, nililia waziwazi, na yeye akanipa kipande nitafune ili ninyamaze. Hakuniambia ninyamaze, alinipa kipande tu. Tulikula trei ile kitandani, kru, kru, wazee wawili wasio na adabu.

Pua haikurudi. Nasema mapema, msije mkaingoja. Chai bado ni maji ya moto kwake. Lakini anakula. Anaoka granola mwenyewe, ikipata rangi anaitoa, anavuta kiti na kuisikiliza, na binti yetu anawapelekea wateja wake, ambao wanasema hawajawahi kuona kama hiyo. Suruali bado sijazirudishia kiuno, ila nyuzi nimeshazifumua, nasubiri.

Ninalotaka kusema ni la asubuhi iliyofuata baada ya trei ile ya kitandani. Nilikuwa kwenye sinki, maji yanatiririka, nikasikia ndala zake nyuma yangu. Nikajua atapita aende sebuleni. Hazikupita. Zikasimama. Nikashika sahani bila kuiosha.

Akaja, akainamisha kichwa, na hapa, chini ya sikio, pale pake, hakuweka pua. Aliweka sikio. Lilikuwa la baridi, ndevu zikanichoma.

"Pua imerudi?" niliuliza.

"Haijarudi."

"Sasa unatafuta nini hapo?"

"Nyamaza," alisema. "Unaimba."

Nikafunga bomba, nikanyamaza.